Kwa nini nyumba ya magurudumu haikufika Mikese

Wanaopitia video za watalii mtandaoni wanaijua picha hii. Gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani limeegeshwa kando ya ziwa huko Uskoti. Mlango uko wazi, birika linachemka, na mbwa wawili wamejilaza kwenye majani. Kesho wataamka, watakunja viti, wataendesha maili thelathini, watalala kwingine. Kwa wenzetu wale hiyo ndiyo likizo, na mbwa ni sehemu ya familia, haachwi nyumbani.

Sasa chukua picha hiyo uilete Mikese, ule mji mdogo ulio barabarani kabla hujaingia Morogoro ukitokea Dar, milima ya Uluguru ikiwa mbele yako mkono wa kushoto. Na usiilete leo. Ilete mwaka 1871 au 1885. Utagundua kitu cha ajabu: gari halipo, farasi hayupo, ng'ombe wa kuvuta hayupo, na mbwa wa mgeni akiwepo, siku zake zinahesabika. Kilichopo ni mstari mrefu wa watu, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mzigo kichwani au begani.

Kwa nini? Jibu ambalo wengi wetu tulilibeba kutoka shuleni ni kwamba Afrika ya ndani haikuwa na barabara wala haikulijua gurudumu. Ukisoma kumbukumbu za wasafiri wenyewe, jibu hilo halisimami. Magurudumu yaliletwa, tena zaidi ya mara moja. Barabara ilichongwa, tena kwa mamia ya maili. Vyote vikashindwa, na sababu kubwa ina mabawa na haizidi ukubwa wa nzi wa kawaida kwa mengi. Hii ni historia ya safari, ya mbwa na ya mdudu huyo. Na mwishoni ni historia ya watu waliolipa gharama yake.

Daktari, farasi wawili na mbwa mmoja

Tuanzie Uskoti ili tuelewe kilichokosekana huku.

Mwaka 1885 daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, Mskoti aitwaye William Gordon Stables, aliagiza gari la kusafiria kutoka karakana ya mabehewa ya Bristol. Aliliita Wanderer. Lilikuwa nyumba kamili ya mbao, uzito wake karibu tani mbili, lenye mahali pa kulala, pa kupikia na pa kuweka vitabu, na lilivutwa na farasi wawili. Stables alitoka kijijini kwake Twyford, kusini mwa Uingereza, akapanda kaskazini taratibu mpaka Inverness, katika Nyanda za Juu za Uskoti. Aliongozana na mtumishi, mwendesha farasi, ndege wa jamii ya kasuku, na mbwa mkubwa mweusi aina ya Newfoundland ambaye jina lake lilikuwa Hurricane Bob. Mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu safari hiyo.

Wanahistoria wa utalii humtaja Stables kama mtu wa kwanza kujengewa gari la kulala kwa ajili ya starehe tu. Waroma wa Ulaya walikuwa wakiishi kwenye magari ya farasi miaka mingi kabla yake. Yeye alichofanya ni kuyageuza maisha yao kuwa likizo ya mtu mwenye pesa.

Sasa jiulize, safari ile ilihitaji nini? Kwanza, barabara. Pili, chakula cha farasi njiani. Tatu, farasi na mbwa wasiokufa kwa sababu tu wamepita porini. Hicho cha tatu Stables hakuwa na haja ya kukiwaza hata siku moja. Hakukiandika kwenye orodha ya vifaa. Alikipata bure kutoka kwa hali ya hewa ya nchi yake.

Hata neno lenyewe lina somo. Karavani ni neno la Kiajemi, na kwa Waajemi lilikuwa kundi la watu wanaosafiri pamoja kwa usalama: yaani msafara. Waingereza walilichukua, polepole wakalihamisha kutoka kwa watu kwenda kwenye gari, na hatimaye wakalikata kichwa likabaki van. Huku kwetu msafara umebaki kuwa watu. Hiyo si bahati tu ya lugha.

Mkokoteni wa frasila nane

Machi 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Mskoti mwingine, David Livingstone. Watu wake walikuwa 192 katika makundi matano, na kati yao 153 walikuwa wapagazi. Alikuwa na punda wengi, farasi wawili, na mbwa mlinzi aliyemleta kutoka Bombay, jina lake Omar. Na alikuwa na kitu ambacho watu husahau kukitaja: gari.

Lilikuwa gari dogo, tuseme mkokoteni. Stanley alijua kwamba njia za misafara ni nyembamba, za mtu mmoja mmoja, kwa hiyo aliagiza mkokoteni wenye upana wa inchi 18 tu, kama sentimita 46, na urefu wa futi tano, ukiwa na magurudumu ya gari jepesi la Kimarekani. Hesabu yake ilikuwa nzuri kabisa. Frasila moja ni ratili 35, kama kilo 16. Punda hubeba frasila nne mgongoni. Akivuta mkokoteni, atavuta frasila nane. Frasila nane ni mzigo wa wapagazi wanne. Punda mmoja, watu wanne! Ungekuwa wewe na kikokotoo mkononi, ungekubali.

Mambo yaliharibika mapema. Farasi wa kijivu aliyepewa na Sultani Barghash wa Zanzibar alikufa Kingaru, siku chache tu baada ya kutoka pwani. Stanley akamzika pale pale. Mkuu wa kijiji akaja juu: nani amekupa ruhusa ya kuzika mnyama wako kwenye ardhi yangu? Akataka alipwe doti mbili za kitambaa cha merikani. Stanley akajibu kwamba kama ni hivyo, basi atamfukua farasi na kumwacha juu ya ardhi kama alivyokufa. Mzee akaona heri yaishe. Kabla siku haijageuka, farasi wa pili naye akafa. Stanley alimpasua wa kwanza, akakuta minyoo tumboni, akaamua kwamba minyoo ndiyo iliyomuua.

Aprili msafara ulipita Mikese. Kwenye kambi iliyofuata, aliyoiita Muhalleh, ukakutana na msafara mwingine ukitoka bara kwenda pwani, wa Mwarabu aitwaye Salim bin Rashid, ukiwa na pembe za ndovu 300. Salim alimpa Stanley zawadi ya mchele na habari nzito zaidi ya mchele: alikuwa amekaa Ujiji jirani na Livingstone kwa wiki mbili, na mzee yupo hai, ana ndevu za mvi na ametoka kuugua. Kwa hiyo habari ya uhakika kwamba Livingstone anaishi ilipatikana hapa, kwenye viunga vya Mikese, kwa sababu hii ndiyo ilikuwa barabara kuu ya habari wakati huo. Watu wawili waliopishana njiani wakiwa na mizigo yao ndio waliokuwa intaneti ya mwaka 1871.

Kutoka hapo walipita Simbamwene, mji wenye ngome uliojengwa na Kisabengo na ambao wakati huo ulitawaliwa na binti yake. Leo ni Morogoro. Halafu ikaja mbuga ya Mkata, masika imekolea, maji mpaka kiunoni. Punda walikufa mmoja baada ya mwingine. Omar hakufika Ugogo. Alikufa njiani, na Stanley alisikitika kwa sababu Ugogo ndiko alikotarajia kumhitaji zaidi mlangoni mwa hema usiku. Na mkokoteni? Uliwachelewesha watu wa nyuma kiasi kwamba Stanley alimwandikia barua msaidizi wake, Shaw, amwage mkokoteni kwenye korongo au mto wowote ulio karibu, aje upesi kabla hawajafa njaa. Hesabu ya frasila nane iliishia kwenye matete marefu, ulikotelekezwa mkokoteni. Mizigo ikarudi vichwani.

Nzi anayefuata kinachotembea

Wasafiri wa wakati ule walijua kuna nzi. Livingstone alikuwa ameweka mchoro wa mbung'o kwenye ukurasa wa jina wa kitabu chake cha 1857. Wakulima na wafugaji wa Afrika walijua zaidi yake na kabla yake: walijua pori gani lina mbung'o (wengine husema ndorobo), walijua kupitisha ng'ombe usiku, walijua kuchoma na kufyeka. Kisichojulikana kilikuwa namna: nzi anamuuaje ng'ombe? Ni sumu?

Mwaka 1866 Livingstone alijaribu kupata jibu moja. Aliteremka Mikindani na ngamia sita, nyati wa Asia watatu na ndama, nyumbu wawili na punda wanne, akapanda nao bonde la Ruvuma ili aone ni yupi atakayehimili mbung'o. Wazo zuri la kisayansi. Tatizo ni kwamba askari wa Kihindi waliokuwa wakiwasimamia waliwapiga na kuwatesa wanyama mpaka wakawa vidonda vitupu. Walipokufa, hakuna aliyeweza kusema kama wameuawa na mbung'o au na fimbo. Sisi tunaosoma mbinu za utafiti tunalijua jina la ugonjwa huo: vigezo viwili vimebadilika kwa pamoja, jaribio limekufa kabla ya ngamia.

Livingstone naye alikuwa na mbwa. Aliitwa Chitane, mdogo wa aina ya poodle, mwenye roho kubwa kuliko mwili. Akifika kijijini alihakikisha mbwa wenyeji wanakaa mbali. Huyu hakuuawa na nzi. Alizama Januari 1867 wakati msafara unavuka bwawa katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kila mtu alidhani mwenzake anamwangalia.

Jibu la nzi lilikuja 1895. David Bruce, daktari wa jeshi aliyezaliwa Australia kwa wazazi Waskoti na kusoma Edinburgh, alipelekwa Zululand pamoja na mkewe Mary kuchunguza ugonjwa wa ng'ombe ambao Wazulu waliuita nagana. Alichukua damu ya ng'ombe mgonjwa, akaiweka chini ya hadubini, akaona vimelea vidogo vinavyojinyonganyonga kati ya chembe za damu. Alipoingiza damu hiyo kwa mbwa na farasi, nao waliugua. Alipopeleka mbwa na ng'ombe wazima kwenye pori lenye mbung'o na kuwarudisha, waliugua pia. Kwa hiyo nzi hana sumu. Nzi ni mchukuzi. Kimelea kile kikaja kupewa jina lake: tripanosoma ya Bruce, ambayo ndugu zake wa karibu huleta homa ya malale kwa binadamu.

Mambo matatu kuhusu mbung'o yanaeleza karibu kila kitu kilichotokea kwenye njia ya Mikese.

La kwanza, wanyamapori kama nyati, kongoni na ngiri hubeba vimelea hivi bila kuugua sana. Wao ni ghala. Mnyama mgeni, hasa farasi na mbwa wa Ulaya, hana kinga hiyo. Mbwa akiambukizwa hupata homa, hukonda, macho yake huweza kuwa na ukungu, na asipotibiwa mara nyingi hufa.

La pili, mbung'o hutafuta kwa macho na pua. Huvutwa na vitu vikubwa vyeusi vinavyotembea. Waliowahi kupita Mikumi wakiwa kwenye gari lenye dirisha wazi wanajua: nzi hufuata gari linalokwenda kuliko lililosimama. Sasa fikiria gari la maksai, linalokwenda mwendo wa mtu, mchana kutwa, katikati ya miombo. Ni kama kuwapelekea chakula mezani.

La tatu, mbung'o jike hatagi mayai mia kama nzi wa jikoni. Huzaa buu mmoja mmoja, kwa nafasi, kwenye kivuli. Ndiyo maana kufyeka pori kunafanya kazi: ukiondoa kivuli, unaondoa wodi ya wazazi. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, alijenga hoja kwamba jamii za Tanganyika kabla ya ukoloni ziliudhibiti mdudu huyu kwa makazi, mashamba na moto, na kwamba tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, njaa na vita ndivyo vilivyovunja udhibiti huo na kulirudisha pori. Yaani pori ambalo mkoloni alilikuta na kuliita la asili, sehemu yake lilikuwa shamba la mtu aliyekufa au aliyehama. Wapo wanaobishana naye kuhusu ukubwa wa jambo, lakini hoja yenyewe imebaki hai.

Maili 230 za bure

Kama unadhani tatizo lilikuwa barabara tu, sikiliza kisa cha Alexander Mackay. Huyu ni Mskoti wa nne katika makala hii, mhandisi aliyezaliwa Rhynie, Aberdeenshire, na kutumwa na wamisionari wa CMS. Mwaka 1877 alisimamia uchongaji wa barabara ya magari ya maksai kutoka Saadani, pwani, mpaka Mpwapwa. Maili 230, kwa shoka na panga. Njia hiyo ilipita kaskazini kidogo ya ile ya Mikese, lakini ilielekea bara ile ile kupitia pori la aina ile ile.

Mwaka mmoja kabla, Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa ameishi kusini mwa Afrika na kuzoea magari makubwa ya maksai ya Makaburu, alifika Mpwapwa na maksai wachache akiwa salama, akarudi na kusema inawezekana. Gari la maksai la kusini mwa Afrika lilikuwa nyumba kabisa: familia ililala ndani kwa miezi, na mbwa alitembea chini ya kivuli chake. Kama Afrika Mashariki ingepata nyumba yake ya magurudumu, ingekuwa hiyo. Msafara wenyewe ulipokuja 1877, maksai walikufa, magari yakaachwa, na Price akarudi Uingereza. Maksai wa Mackay nao hawakunusurika. Mwaka huo huo tajiri wa meli William Mackinnon, Mskoti pia, alianza barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilifika kama maili 70 ikaachwa mwaka 1881.

Kwa hiyo barabara ilikuwepo. Magurudumu yalikuwepo. Pesa ilikuwepo. Kilichokosekana ni mnyama wa kuvuta ambaye angebaki hai. Stanley mwenyewe, aliporudi 1874, alikuja na mbwa watano kutoka Uingereza. Alivuka bara lote mpaka Atlantiki. Katika wale mbwa watano hakuna aliyefika naye.

1907: miaka miwili kwa gari moja

Mwaka 1907 mambo matatu yalitokea. Uingereza ilianzishwa Caravan Club, chama cha watu wanaosafiri na nyumba za magurudumu kwa burudani, na mzee Stables akawa makamu wa rais wake. Dar es Salaam, tarehe 10 Agosti, ofisa Mjerumani Paul Graetz aliwasha gari lake lililotengenezwa kwa agizo maalumu huko Gaggenau, akaelekea bara kwa njia ya Morogoro. Na mwishoni mwa mwaka reli ya kati ikaingia Morogoro, ikiwa na stesheni Mikese.

Graetz alifika Swakopmund, kwenye Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630. Alikuwa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari, na picha zake zilisambaa Ulaya. Kisichoonekana sana kwenye picha ni kwamba petroli yake ilibidi itangulie mbele yake na kuwekwa kwenye maghala njiani, kule ambako reli haikufika. Injini haiumwi na mbung'o, ni kweli. Lakini injini nayo inakula, na chakula chake hakioti kando ya njia.

Reli ndiyo iliyobadilisha hesabu. Kwa mara ya kwanza mzigo ulipita kwenye pori la Ngerengere na Mikese bila shingo ya mtu wala mgongo wa mnyama. Lakini reli hupita mahali pamoja tu. Ukishuka stesheni na kugeuka kushoto au kulia, uko 1871.

Mikese, 1916 na 1917

Hapo ndipo historia hii inapoacha kuchekesha.

Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Rufiji. Waingereza wakaifanya Mikese kituo chao cha kushushia shehena: chakula, risasi na dawa vilifika kwa treni, kisha vikahitaji kwenda kusini, kuzunguka Uluguru upande wa mashariki, mpaka Duthumi na Kisaki. Desemba 1916 Brigedi ya Nigeria ilishuka treni Mikese na kuanza kutembea njia hiyo.

Farasi na nyumbu waliletwa kwa maelfu katika vita hivi, wakafa kwa maelfu, kwa nagana na magonjwa mengine. Majenerali waliijua sayansi ya Bruce; ilikuwa na miaka zaidi ya ishirini. Waliwaleta hivyo hivyo. Magari mepesi ya Ford yalipita barabara ya Mikese kwenda Duthumi wakati wa kiangazi, halafu mvua za 1917 zikaja, kubwa kupita kiasi. Barabara ikawa tope, mito ikajaa, magari yakazama. Wanajeshi waliokuwa mbele walikaa na njaa.

Kilichobaki ni kile kile: mtu na mzigo kichwani. Waingereza waliandikisha wapagazi, wengi kwa nguvu, idadi ambayo kwa vita nzima hukadiriwa kufikia milioni moja. Waliokufa upande wao hukadiriwa kuwa kama 95,000: kwa kuhara, nimonia, malaria, njaa na uchovu zaidi kuliko kwa risasi. Upande wa Wajerumani nao ulikuwa na wapagazi wake na makaburi yake. Jina la Kariakoo pale Dar limetokana na kikosi hicho cha wachukuzi, ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Kila siku watu hushuka daladala wakisema “Kariakoo, shusha!” bila kujua wanawataja akina nani.

Tafakari hesabu yake. Mpagazi alikula sehemu ya mzigo aliobeba, au wa mwenzake. Kadiri safari ilivyorefuka, ndivyo chakula kingi zaidi kilivyoishia njiani, na ndivyo wapagazi wengi zaidi walivyohitajika ili kifike kidogo. Ni hesabu ile ile ya Stanley, ila sasa imepinduliwa: si punda mmoja kwa watu wanne, ni watu wanne mahali pa punda mmoja aliyekufa.

Mizani na mbwa, leo

Leo Mikese inajulikana kwa madereva wa malori kwa sababu ya mizani. Semi inayotoka bandarini kwenda Zambia au Kongo inaweza kuwa na shehena ya tani 30. Kwa kipimo cha mpagazi, frasila mbili kichwani, hiyo ni shehena ya watu zaidi ya 900, kwenye gari moja lenye dereva na utingo. Na Juni 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, ikiipita Mikese kwa kasi ambayo hata jina la mahali huwahi kulisoma.

Watalii nao wapo. Magari yenye hema juu ya paa hupita hapa kuelekea Mikumi na Iringa. Lakini mbwa hawamo, na safari hii sababu imegeuka. Hifadhi za taifa haziruhusu mgeni kuingia na mbwa. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa wa mbwa uitwao distempa viliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti wakavihusisha na mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi. Mbwa mwitu, ambao bado wapo kwenye mapori ya Mikumi na Nyerere, wako hatarini zaidi kwa sababu ni ndugu wa karibu. Zamani pori lilimuua mbwa wa mgeni. Siku hizi mbwa wa mgeni, au wa jirani, anaweza kuliua pori. Kanuni ya kibaiolojia ni moja: kinachobebwa bila madhara na mnyama mmoja ni kifo kwa mwingine, na hatari inategemea nani amezoea nini.

Kuna jambo moja la mwisho. Ukirudi kwenye vitabu nilivyovitumia utagundua tunajua kwamba mbwa wa Stables aliitwa Hurricane Bob, wa Livingstone Chitane, na wa Stanley Omar. Tunajua Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na pori kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya likapewa jina lake. Tunawajua Susi na Chuma, walioongoza kuubeba mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo mwaka 1874. Lakini waliobeba mchele na risasi kutoka stesheni ya Mikese mpaka Duthumi, wengi wao wakiwa wakulima waliochukuliwa mashambani, karibu wote hawana jina popote.

Vita vile vimepita zaidi ya miaka mia, kwa hiyo hakuna shahidi aliyebaki. Ila vitukuu wapo. Kama kwenu ni Mikese, Mkuyuni, Matombo, Mvuha au Kisaki, na bibi au babu amewahi kutaja mtu wa ukoo “aliyekwenda na mizigo ya Wazungu akarudi” au hakurudi, mkalishe chini, washa simu, mrekodi. Muulize jina kamili, kijiji, alibeba nini, alifia wapi. Dakika kumi zinatosha, na hiyo ni kumbukumbu ambayo haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma.